Mwanangu, kubaki umesimama si dhambi

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba kwenye mkesha wenzako wote walianguka walipowekewa mikono, wewe ukabaki umesimama, na mtumishi akakuambia mbele ya watu kuwa una kizuizi. Unauliza: wewe ndiye mwenye moyo mgumu, au wao wanaigiza? Tena unauliza kama uhame kanisa hilo.

Kwa swali la kwanza, huenda si hili wala lile. Mmoja huanguka kwa kuguswa na Mungu kwelikweli. Mwingine huangushwa na njaa ya kufunga, usingizi wa saa nane za usiku na kinanda kisichonyamaza. Mwingine amesukumwa tu. Kwa nje wote watatu wanafanana, kwa hiyo kuanguka peke yake hakuthibitishi lolote. Kusimama nako vilevile.

Safari nyingine angalia kinachofanyika pale mbele. Kiganja kinawekwa kwenye paji la uso, kichwa kinarudishwa nyuma taratibu, na aliyefumba macho hana pa kujishikiza. Nyuma yake wapo vijana wawili wa kudaka, na pembeni dada ameshika kanga tayari kumfunika miguu. Kila kitu kimeandaliwa kwa ajili ya kuanguka, mwanangu, na binti asiyeanguka anaonekana ameharibu ibada. Hiyo ni nguvu kubwa, lakini ni ya macho ya watu. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaofundishwa kurudiarudia silabi haraka mpaka waambiwe wamenena kwa lugha. Paulo aliwauliza Wakorintho, "Wote wanena kwa lugha?" na ni wazi alitarajia wajibu hapana.

Sisi watu wa Bukoba si wageni wa mambo haya. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulikuja kwetu kupitia Uganda, na watu walilia, wakatetemeka, wakaota ndoto. Bibi yako alikuwa mlokole wa uamsho ule. Kutetemeka alikugusia tu akapita. Alichokisimulia sana ni habari ya jirani aliyerudisha jembe aliloiba, akaomba msamaha mchana kweupe, wanawe wakisikia. Kwa walokole wale, hapo ndipo ilipojulikana kwamba Roho amepita: deni limelipwa, mke amekoma kupigwa, waliokuwa hawasalimiani wanakula pamoja. Mimi sijapata kipimo kingine ninachokiamini kuliko hicho.

Tena Roho wa kweli haogopi kuulizwa. Yohana anasema "zijaribuni hizo roho", na Paulo anataka nabii anene, wengine wapambanue. Anaongeza kuwa "roho za manabii huwatii manabii". Basi anayemtukana mtu madhabahuni kisha akasema Roho alimzidi nguvu, msimwachie. Na pale msukumo wa umati unapoonekana ndio upako, kumbuka Moshi, Februari 2020: watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta yaliyosemwa ni ya upako. Habari ile bado inaniuma.

Lakini usije ukawadharau wenzako. Hana alipokuwa akiomba Shilo, midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli alidhani amelewa, kumbe pale palikuwa na maombi ya kweli kuliko yote ya siku ile. Rafiki yako akikuambia alikutana na Mungu sakafuni, msikilize, kisha mpe miezi, umwone anavyoishi na mwenzake wa chumbani.

Kuhusu kuhama kanisa, kwanza mfuate mtumishi mchana, uende na mzee wa kanisa, umuulize kwa heshima kizuizi hicho amekijuaje na kinapatikana wapi katika Maandiko. Akikujibu kwa upole, hata kama hamkukubaliana, kaa. Akikutisha kwa laana, au akataka sadaka ya kukiondoa, usitoe hata shilingi. Ondoka, unipigie simu siku hiyohiyo.

Mama yako