Watoto saba, mwalimu mmoja

SWALI: Tuna watoto 7, wa kati ya mwaka 1 na 14, nasi huwafundisha nyumbani kwa sababu ya imani yetu. Kila siku, baada ya sala ya asubuhi, mambo huvurugika: mdogo analia, wakubwa wanasubiri hesabu, na vyombo havijaoshwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Mama mpendwa, unaendesha madarasa mengi peke yako. Biblia, historia na sayansi wafundishe wote pamoja, kisha umpe kila mtoto zoezi la kiwango chake; hesabu na kusoma, ambako hatua moja hutegemea iliyotangulia, kutengee zamu fupi ya kila mmoja wakati mdogo amelala. Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, mama wa mhubiri John Wesley aliyeanzisha Umethodisti, aliyezaa watoto 19 na kuwazika 9 wangali wachanga, alianza kumfundisha mtoto herufi alipotimiza miaka 5, na aliwapangia watoto jioni za mazungumzo ya faragha naye. Vyombo wavioshe wakubwa, wavulana pia, lakini usimgeuze binti mkubwa kuwa mama wa pili, kwa maana masomo yake ndiyo huachwa kwanza. Na baba yao, ambaye hukumtaja, anafundisha somo gani?