Barua kwa Mwanangu: Yule Mwimbaji wa Clichy

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unasema umeiona ile video fupi ya mwimbaji wa opera Roberto Alagna akiliacha jukwaa la La Scala, jumba la opera la Milano, Desemba 2006, alipozomewa katikati ya opera Aida ya Verdi, na unaniuliza kama alikosea kuondoka. Nitakujibu, lakini nivumilie nianzie mbali kidogo, kwa sababu mtu huyo hakuingia nyumbani kwetu kwa video hiyo.

Unajua kwamba alizaliwa mwaka 1963 Clichy-sous-Bois, katika mkoa wetu huu huu wa Seine-Saint-Denis, kwa wazazi wenye asili ya Sisilia, na kwamba kabla ya opera alikuwa akiimba kwenye pizeria na kabarei za Paris huku akijifunza kwa kusikiliza santuri na kwa kuongozwa na mpiga besi mmoja kutoka Kuba. Mwaka 1988 alishinda mashindano ya uimbaji ya Pavarotti kule Philadelphia. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 26, aliimba nafasi ya Alfredo katika opera La traviata hapo hapo La Scala, orkesta ikiongozwa na Riccardo Muti. Opera hiyo ilikuwa haijaonyeshwa katika nyumba ile tangu mwaka 1964, wakati watu wa roshani ya juu walipoizomea, na kwa muda wote huo wakubwa wa nyumba waliogopa kuirudisha. Kijana wa Clichy akasimama mbele ya roshani ile ile, wakampigia makofi. Wanaomcheka kwa ajili ya 2006 hili hawalitaji.

Mimi nilimsikia mwaka 1996, katika ukumbi wa Châtelet, Paris. Wewe ulikuwa na miaka minne, tukakuacha kwa yule mama wa ghorofa ya tatu. Ilikuwa opera Don Carlos ya Verdi, nayo iliimbwa kwa Kifaransa, kama alivyoitunga kwa ajili ya Opera ya Paris mwaka 1867, ingawa dunia imezoea kuisikia kwa Kiitaliano. Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, chini ya dari, nusu ya jukwaa imefichwa na ukingo wa roshani. Wakati huo nilikuwa bado ninakwenda darasa la jioni la Kifaransa, na taarifa ya habari redioni ilikuwa ikinipita kama treni. Kisha mtu yule akatokea peke yake katika msitu wa Fontainebleau, akauita msitu huo kwa jina, akasema ni mkubwa na mpweke, nami nikasikia kila silabi, mpaka zile konsonanti za mwisho ambazo mwalimu wetu alikuwa akituhangaisha nazo. Nilimshika baba yako mkono nikamwambia, kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, “Nimeelewa!” Mwanamke wa mbele yetu akageuka kuninyamazisha. Sikujali. Tangu usiku ule ninasema, nawe umelisikia mpaka limekuchosha, kwamba mwimbaji anadaiwa neno kwanza, sauti baadaye.

Sasa ile Desemba. Kumbuka kwamba ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu wavulana wawili walipofia katika kituo cha umeme Clichy-sous-Bois na vitongoji vikawaka moto. Jina la mji ule lilikuwa likitajwa kwenye televisheni kwa moshi na polisi tu. Kwangu mimi, Alagna ndiye aliyekuwa habari nyingine ya mahali pale. Asubuhi baada ya mkasa wa Milano, mtu mmoja kazini alisema mbele yangu, bila kuniangalia, kwamba watu wa huko ndivyo walivyo, hawavumilii. Nilirudi nyumbani na neno hilo kifuani, na baba yako, ambaye kwa miaka mingi aliimba sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa kule Moshi, akaniambia mezani kwamba mtu mzima hakimbii jukwaa. Tuligombana, mwanangu. Uliamka ukatukuta jikoni, na tukakudanganya kwamba tulikuwa tukizungumzia kodi ya nyumba.

Nilimwambia baba yako, na bado ninasema, kwamba ni rahisi kuhukumu wimbo ule ukiwa umekaa. Celeste Aida, wimbo wa Radamès ambao Alagna alikuwa ametoka kuuimba, huja dakika chache tu baada ya pazia kufunguliwa, koo halijapata moto, na humalizikia kwenye noti ya juu iitwayo “si bemoli”, ambayo Verdi aliandika iimbwe kwa sauti ya chini sana hadi ififie, ingawa wengi huipiga kwa nguvu zote. Na Radamès ni askari, anataka sauti nzito, ilhali sauti ya Alagna ilizaliwa kuwa nyepesi. Roshani ikazomea na kupiga miluzi. Akaipungia mkono, akatoka. Baadaye alisema sukari ya mwili wake ilikuwa imeshuka.

Lakini, na hapa ndipo ninapogombana na nafsi yangu, orkesta haikusimama. Anayeingia baada ya wimbo ule ni Amneris, binti Farao, naye humuuliza Radamès ni furaha gani hiyo isiyo ya kawaida iliyomo machoni mwake. Usiku ule aliuliza, na hapakuwa na macho. Ildikó Komlósi, aliyeimba Amneris, alibaki na swali lake hewani mpaka mwimbaji wa akiba, Antonello Palombi, aliposukumwa jukwaani akiwa amevaa jinzi, watu wa Misri wakimzunguka kwa dhahabu zao. Wazomeaji Alagna hakuwadai wala hawakumdai. Yule mama ndiye aliyekuwa akimdai neno. Mimi ninayehubiri neno kwanza nifanyeje na hilo?

Baba yako angekwambia tazama pia mwaka 2018, alipojitoa kwenye Lohengrin, opera ya Wagner, katika tamasha la Bayreuth, Ujerumani, wiki chache kabla, akieleza kwamba hakuwa amepata muda wa kutosha kulijifunza jukumu lile. Mimi ninajibu, tazama basi Desemba 2020: aliiimba Lohengrin hiyo hiyo Berlin, kwa Kijerumani, katika ukumbi usio na mtazamaji hata mmoja kwa sababu ya korona. Alikuwa na miaka 57. Hapakuwa na wa kumzomea wala wa kumpigia makofi, naye aliimba mpaka mwisho. Niliitazama kwenye kompyuta, na konsonanti zilikuwepo zote.

Hukumu unayoitaka ninayo karibu na ulimi, na mara mbili nimeiandika hapa nikaifuta. Sitakupa leo, maana umemwona kwa sekunde arobaini tu, mgongo wake ukielekea pembeni. Rekodi ya Don Carlos ya Châtelet iko kwenye lile sanduku la CD ulilolichukua ulipohamia Lyon. Anza na msitu, kisha endelea mpaka yeye na Rodrigue wanapoapa urafiki wao, halafu nipigie simu. Jumamosi nitakuwa macho hadi saa tano usiku, na baba yako naye anataka kuwepo.

Mama yako