Kutoa mchezo ungali na kasoro

Habari ndugu. Umeuliza kama mchezo wako wa simu, uliojaribiwa na ninyi watengenezaji pekee na ambao bado hujifunga wenyewe, utolewe sasa na kurekebishwa baadaye. Mimi ningesubiri. Anza kuujaribu kwenye simu dhaifu kabisa, kwani mchezo wa video Cyberpunk 2077, uliotolewa Desemba 2020, ulisumbua zaidi kwenye mashine za michezo za PlayStation 4 za zamani kuliko kwenye kompyuta zenye nguvu, na Sony, mtengenezaji wa mashine hizo, ikauondoa kwenye duka lake la mtandaoni mwezi huohuo. Kisha sitisha vipengele vipya na uwape watu wasiokujua toleo la beta (la majaribio) bila kuwaelekeza chochote (marafiki husifu mno). Kasoro inayofuta maendeleo ya mchezaji izuie utoaji. Rangi iliyokosewa inaweza kusubiri. Kwa nini unajifunga, siwezi kusema kabla hujaweka hapa ripoti ya hitilafu.