Malipo yasijirudie yenyewe: kwa ndugu aliyekulia Leeds

Futa huo mstari wa "ikipita sekunde 10 bila jibu, programu itume malipo upya". Ufute leo, kabla hujasoma jibu la mtu mwingine humu.

Unasema umekulia Leeds, umerudi Kampala, na sasa unawajengea wenye maduka ya rejareja programu ya kuagiza mzigo Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, na kulipa kwa MTN MoMo, yaani pesa za simu za MTN. Unauliza kama malezi ya nje yamekupa jicho tofauti, na utumie lugha gani ya programu. Jicho tofauti unalo, na linaonekana hapohapo kwenye sekunde 10. Aliyezoea kugusisha kadi kwenye mashine ikaitika papo hapo, kwake ukimya ni kukataliwa. Huku ukimya maana yake bado haijulikani. Ombi la namba ya siri limemfikia mteja akiwa juu ya boda, simu imo mfukoni. Au ameshaiweka, hela imetoka, ila programu yako haipati habari kwa sababu bando lake limekata. Wewe unatuma ombi la pili, naye anadhani la kwanza limegoma, anaweka namba ya siri tena. Mzigo wa 380,000 umelipiwa 760,000, na kesho asubuhi yuko mlangoni kwako na mashangazi zake wote.

Ukimtuma mtoto dukani akachelewa, humtumi mdogo wake na hela nyingine. Unauliza kwanza yule wa kwanza kafika wapi.

API ya MoMo, yaani mlango ambao programu yako inaongea nao na MTN, imejengwa kwa kulijua hilo, sema kozi za mtandaoni hazifiki huko. Kila ombi la malipo hubeba X-Reference-Id, yaani UUID ya toleo la 4, namba ndefu ya utambulisho isiyofanana na nyingine, unayoiunda wewe. Iunde mara moja tu, mteja anapothibitisha oda, na uihifadhi kwenye simu yake kabla ya kutuma chochote. Kwenye seva, safu ya namba hiyo katika jedwali la malipo isikubali namba kujirudia. Kinachowaua wengi ni kuiunda ndani ya funksheni inayotuma: kila jaribio linazaliwa na namba yake, na kwa MTN hayo ni malipo mawili halali kabisa. Ukirudia na namba ileile unapata 409, yaani "namba hii imeshatumika", na 409 ni rafiki yako. Wapo wanaoiona kwenye logi, kumbukumbu za programu, wakaitibu kwa kuunda UUID mpya. Mungu awasamehe, mimi bado.

Jibu la 202 nalo lisikudanganye. Ombi limepokelewa, hakuna aliyelipa bado. Uliza hali kwa GET, ombi la kusoma tu, ukitumia namba hiyohiyo: PENDING (bado), SUCCESSFUL (imelipwa) au FAILED (imeshindikana). Anza sekunde ya 5, kisha ya 15, ya 30, halafu kila dakika. Maadamu ni PENDING, kitufe cha kulipa kibaki kimefungwa na skrini iseme "Tunasubiri MTN, usilipe tena". Usitegemee peke yake taarifa ya matokeo ambayo MTN wanairusha kwenye seva yako: huja mara moja, na kama umeme umekukatikia dakika hiyo, imekupita. Kila usiku linganisha taarifa ya akaunti yako ya MoMo na jedwali lako, mstari kwa mstari.

Kuna mshauri mmoja, slaidi zake safi, alituuzia "jaribu mara 3, ongeza muda kila mara". Kwa kuvuta orodha ya bei, sawa. Kwa hela za watu ni wizi wenye adabu. Yeye mwenyewe alilipwa mara moja tu, kwa hiyo hakuonja dawa yake.

Halafu mazingira ya majaribio ya MoMo yanatumia EUR, yaani yuro, kwa hiyo 12.50 yako itapita vizuri kabisa. Shilingi ya Uganda haina senti. Hifadhi kiasi bila desimali. Anayeandika namba ya simu inayoanza na 0772 mgeuzie iwe 256772, bila alama ya kujumlisha. Na hiyo sehemu ya lazima ya msimbo wa posta kwenye fomu yako ya anwani, jamani! Weka "karibu na nini".

Kabla ya kuzindua, bofya Lipa, weka simu kwenye hali ya ndege baada ya sekunde 2, izime, iwashe, rudisha mtandao, bofya tena. Kwenye jedwali la seva pawe na mstari mmoja. Ikiwa miwili, ahirisha uzinduzi, hata kama keki imeshaagizwa.