Dawa unameza na presha haishuki? Mwaga kwanza mkoba wa dawa

Jamani huku kwetu Pemba mtu anameza amlodipini na losatani miezi na miezi, akipimwa 170 kwa 100, basi keshasema dawa hazimfai na kesho yuko kwenye majani ya kuchemsha. Mie namuuguza mama yangu, na ninachowaambia watu ni kwamba kabla hujailaumu dawa, mwaga mkoba wake wote kitandani uone anameza nini chengine.

Kwa mama ilikuwa diklofenaki. Magoti yanamuuma, anamtuma mtoto duka la dawa, anapewa bila kuulizwa kitu, na mwenyewe wala haihesabu kuwa ni dawa, kwake hivyo ni "vidonge vya miguu" tu. Kumbe diklofenaki na brufeni zinazifanya figo zizuie chumvi na maji, presha inapanda, na juu ya hapo zinaivunja nguvu losatani pamoja na dawa ya kukojoa, ile ya presha inayotoa maji mwilini. Zikikutana zote tatu, ya maumivu, losatani na ya kukojoa, hata figo zenyewe zinaweza kuumia, hasa kwa mtu mzima anayeharisha. Daktari alipoviona akavisitisha, akampa parasetamoli ya kiasi na dawa ya kuchua, na presha ikaanza kushuka kwa dawa zile zile za mwanzo!

Chumvi nayo. Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani hata kijiko cha chai hakijai, na hapo imo ya chakula chote. Sasa mtu anakuapia chumvi kaacha na mchana kala wali kwa ng'onda na achari pembeni, khaa.

Halafu kupima. Mtu katoka barazani na kahawa yake, kafika anahema, mkono unaning'inia na lile pochi la mashine ni dogo limembana, hapo namba lazima iwe kubwa. Nusu saa bila kahawa wala sigara, ende haja ndogo, akae dakika 5 kaegemea, mkono usawa wa moyo, na asizungumze (huu ndio mtihani kwa mama).

Ramadhani msikate dawa wenyewe, muoneni daktari mapema, zipo za mara moja kwa siku, unameza wakati wa futari au daku.

Haya yote yakishakaa sawa, na mtu anatumia dawa tatu za dozi kamili mojawapo ya kukojoa, na bado iko juu ya 140 kwa 90, hapo ndio daktari anatafuta mengine: figo, homoni ya aldosteroni kuzidi, au kukoroma huku pumzi zinakatika usingizini. Mara nyingi anaongeza spironolaktoni, ila usiende kuinunua kwa kuwa umeisoma hapa, inapandisha potasiamu na damu lazima ipimwe. Na ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma au mdomo umekwenda upande, hospitali saa hiyo hiyo.