Homa ikishuka na mwili ukawa baridi, usiseme amepona

Ndugu yangu, Mungu amrehemu ami yako na akupeni subira. Umeuliza vipi mtu achomwe na mwiba wa samaki taa mguuni, akae nyumbani na homa, homa ishuke, kisha afariki spitali usiku uleule mliompeleka. Tena unataka kujua kama ni kweli maneno ya msibani kwamba dripu na sindano ndizo zilizommaliza.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodini Unguja na Pemba kwa miaka mingi. Wagonjwa wa namna ya ami yako nimewapokea wengi: mvuvi mwenye kidonda, mama anayelima mwani aliyekatwa na jiwe la pwani, mzazi aliyejifungua wiki iliyopita, mzee mwenye nimonia. Nikisoma ulivyoeleza, sioni sindano iliyoua. Naona maambukizi yaliyoingia kwenye damu na kuuporomosha mzunguko wake wote.

Mwiba wa taa huingia ndani sana, huacha sumu na vipande vyake, na maji ya bahari yana vijidudu vyake. Usaha ukibaki palepale mguuni, mwili unapambana nao palepale. Balaa huanza pale mapambano yanapoenea mwili mzima. Mwili unamwaga kemikali za kujikinga kila pahala kwa pamoja, na hizo hizo ndizo zinazomgeukia mwenyewe. Mishipa ya damu inalegea na kutanuka, kuta zake zinaanza kuvuja, maji ya damu yanahamia kwenye nyama. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani uliotanuka na kutoboka kila pahala: maji yamo, lakini mwisho wa mpira hayafiki. Wakati huohuo damu inaganda ndani ya vijishipa vidogo. Moyo unakwenda mbio kufidia, ukishindwa presha inaanguka. Hapo figo zinakosa damu na mkojo unakata, ubongo unakosa oksijeni na mtu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, asidi inajaa kwenye damu na mgonjwa anahema haraka haraka kuitoa.

Kwa watu wazima, madaktari huita hali hii mshtuko wa maambukizi pale presha inapokataa kusimama bila ya dawa maalumu ya kuipandisha hata baada ya mgonjwa kupewa maji ya kutosha, na kipimo cha laktati, yaani asidi inayojaa kwenye damu mwili ukikosa oksijeni, bado kimezidi milimoli 2 kwa lita. Maelezo hayo yaliwekwa mwaka 2016, na katika takwimu zilizotumika kuyaweka, waliofika hatua hiyo walikuwa wakifa zaidi ya 40 katika kila 100. Hao walikuwa kwenye spitali kubwa zenye mashine na vyumba vya wagonjwa mahututi. Kwa hiyo aliyefika amechelewa, usiku, kwenye spitali yenye vifaa vichache, anafika akiwa na safari ndefu ya kupona mbele yake.

Sasa lile la homa kushuka, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Familia nyingi zinapima ugonjwa kwa kugusa paji la uso. Likiwa moto wana wasiwasi, likipoa wanasema alhamdulillahi. Lakini presha inapoanguka mwili huikata damu ya mikono na miguu ili moyo na ubongo vipate, na ndipo mgonjwa anapokuwa baridi, jasho jembamba, vidole vimebadilika rangi. Wengine huanza wakiwa na ngozi ya moto na nyekundu kisha ndiyo wanapoa. Mtu aliyepona homa huomba uji, hukaa, huzungumza na watu. Huyu mwengine amelala tu, ukimwita anajibu kwa taabu, na toka asubuhi hajakwenda chooni. Watoto wachanga wanatisha zaidi, kwani wao huweza kuingia kwenye hali hii bila ya homa kabisa: mwili baridi, hawanyonyi, hawalii.

Kwa hiyo acheni kutegemea paji la uso. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa kutazama kifua. Mtu mzima aliyetulia akifika 22 au zaidi, na ana kidonda au homa, mpeleke. Muulize leo siku gani na yuko wapi. Uliza mkojo: mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30 kwa saa, kwa hiyo kutwa nzima bila kukojoa si jambo la kungojea. Kituoni watapima presha, na ile namba ya juu ikiwa 100 au chini pamoja na hayo niliyotaja, mwambieni daktari waziwazi kwamba mgonjwa ana kidonda tangu siku kadhaa.

Kitu kingine kinachotuchelewesha hapa kwetu ni kipimo cha malaria. Malaria imepungua sana Zanzibar tangu dawa mseto zilipoanza mwaka 2003, kisha vyandarua na kupuliza dawa majumbani, lakini mazoea yamebaki. Mtu anapimwa, hana malaria, anarudi nyumbani na panadoli akiwa ameridhika. Kukosa malaria hakumaanishi kukosa ugonjwa. Utafiti uliofanywa Pemba 2009 hadi 2010 kwa kuotesha damu za wagonjwa wa homa maabara ili vijidudu vilivyomo vionekane ulikuta kijidudu cha homa ya matumbo ndicho kinachoongoza. Na vidonge viwili vitatu vya amoksilini kutoka duka la dawa havikati maambukizi ya kidonda kirefu. Vinayapoza kidogo, siku zinapita.

Nije kwenye dripu na sindano. Antibaiotiki ya mshipani ndiyo matibabu yenyewe, na kwenye mshtuko inatakiwa itolewe ndani ya saa 1 ya kutambuliwa. Damu huchukuliwa ya kuotesha, lakini majibu huchukua siku, kwa hiyo dawa haingoji majibu. Ami yako alipochomwa sindano mara tu alipofika, walifanya linalotakiwa. Ilifuatana na kifo kwa sababu alifika akiwa mwishoni. Dripu nayo ni sehemu ya tiba kwa mtu mzima. Miongozo ya kimataifa hupendekeza kama mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3 za mwanzo.

Kwa watoto ni tofauti, na hili wazazi wanaogombana nasi walijue. Utafiti uliotolewa mwaka 2011, wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwemo wa Muheza hapo Tanga, ulikuta kwamba watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi kuliko waliopewa polepole. Hao hawakuwa watoto wa kuharisha. Muuguzi akiwaambia mtoto huyu dripu yake iende taratibu, hajamnyima kitu.

Kuhusu mama yako mwenye kisukari na kidonda cha kidole ulichokitaja mwishoni: mpeleke kesho asubuhi, hata kama hana homa, maana wenye kisukari mara nyingi hawahisi maumivu ya mguu na homa yao huweza isipande. Mpelekeni pahala panapoweza kusafisha kidonda na kupima sukari siku hiyohiyo, na chukueni dawa zake zote anazotumia. Msimpake majani wala unga wa dawa juu ya kidonda leo usiku. Osheni kwa maji safi na sabuni, mkifunike kwa kitambaa kisafi. Na ikitokea usiku anahema haraka, au maneno yake hayaeleweki, tafuteni gari wakati huohuo.