Jibu: Dola ya dhahabu ya 1903 yenye kovu ukingoni

Habari ndugu. Unauliza kama dola yako ya dhahabu ya 1903, yenye sura ya Rais Jefferson wa Marekani, ni halisi, na lile kovu ukingoni limetoka wapi.

Anza na kovu. Dola hizi ziliuzwa kwa ajili ya maonyesho ya St. Louis ya 1904, nyingine zikiwa zimeshikizwa kwenye bizimu, pini na vijiko. Tazama kwa lenzi ya sonara: mistari ya ukingoni ikikatika mahali pamoja na rangi ikabadilika hapo, hiyo ni lehemu. Sarafu inaweza kuwa halisi kabisa, ila thamani imeshuka sana.

Uzito ni gramu 1.672. Ukizidi, huenda lehemu imebaki; ukipungua waziwazi, tia shaka. Kipimo cha maji, yaani kuizamisha sarafu na kupima uzito wa maji inayoyasukuma, usikifanye kwa mizani ya gramu 0.01: sarafu hii husukuma maji ya gramu 0.097 hivi, kwa hiyo kosa dogo tu linaharibu hesabu nzima. Tumia mizani ya 0.001, msongamano (uzito wa sarafu ukigawanywa kwa uzito wa maji hayo) uwe karibu 17.2. Hata hivyo, ziko bandia za dhahabu ya kweli.

Tafadhali usiisugue! Kwa picha peke yake siwezi kukata shauri. Ipeleke PCGS au NGC, kampuni za kuthibitisha sarafu, kabla ya kuuza.